Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Utamaduni na Kazi ya Mwaka Mzima

Toleo lililopita liligusia sherehe za kumuenzi Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni Waingereza, zinazofanyika kila Agosti katika Kaunti ya Kilifi, na tangu hapo tumepokea barua kutoka kwa viongozi wa vikundi vya utamaduni, walimu na wazazi wa Pwani ya Kenya. Wengi wanauliza jinsi kikundi kidogo, kisichofanya biashara, kinavyoweza kusimamia mambo ya urithi bila kuwavunjia wazee heshima na bila kuishiwa nguvu njiani. Tumechagua barua tano, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana na akina mama katika wadi moja ya Magarini. Tunataka kuanzisha tamasha la utamaduni la kila mwaka, lakini hatujakubaliana. Baadhi yetu wanasema tutafute kwanza jukwaa, vipaza sauti na mwanamuziki mwenye jina ili watu wavutike. Wengine wanasema tuanze na wazee. Tufuate njia ipi? – Katibu wa kikundi, Magarini.

JIBU: Ndugu Katibu, anzeni na wazee. Adabu inataka hivyo, lakini hata adabu ikiwekwa kando bado ningewapa jibu hilo hilo, kwa kuwa tamasha lisilo na sababu ya kuwepo hufa mwaka wa pili, na sababu hiyo wanaoijua ni wazee wenu.

Tazameni sherehe za Mekatilili za jirani zenu. Zinasimamiwa na Malindi District Cultural Association, ambacho wengi hukiita MADCA, chama cha wenyeji kisicho cha faida, na huwakutanisha wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya Mijikenda, na wachezaji wa ngoma Malindi na Bungale, mahali alipozikwa Mekatilili. Anayehudhuria anajua kwa nini yuko pale. Mwaka 1913 Waingereza waliwadai Wagiriama kodi ya nyumba, wakawataka vijana wao wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, na wakawa na azma ya kuwahamisha wakulima kutoka ardhi ya kaskazini mwa Mto Sabaki. Mekatilili, mama mjane, alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba, na watu walipokusanyika aliwaeleza kinachokuja. Viapo vikali vililiwa Kaya Fungo, wanawake na wanaume kila kundi kwa kiapo chake, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Mnamo Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mwenzake katika upinzani huo, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni mbali, katika nchi ya Kisii, na mwaka 1914 wakatoroka na kurejea kwao. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kijana wa Magarini akielezwa hayo, kisha akaisikia kifudu ikipigwa, hahitaji mtu wa kumshawishi kuwa ngoma ile ina maana.

Ninaitaja kifudu kwa makusudi. Kwa kuwa ni ngoma ya maombolezo, haichezwi popote wala kwa sababu yoyote, na mwenye kujua mpaka huo ni mzee, si mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Kabla hamjapanga tarehe, kaeni na wazee mwaulize ni ngoma zipi za furaha, zipi za msiba, zipi za tiba, zipi zinaweza kuonyeshwa mbele ya wageni na zipi zibaki zilipo. Wakisema jambo fulani halitoki nje, lisitoke. Nimeona kikundi kikipuuza katazo la namna hiyo ili kumfurahisha mgeni wa heshima, na mwaka uliofuata mafundi wa ngoma hawakuja hata mmoja.

Baada ya hapo kazi yenyewe inaanza, nayo ni ya miezi mingi. Chukueni simu zenu mkarekodi nyimbo, na kila wimbo muuandikie aliyeuimba, aliyemfundisha, mahali na tarehe. Tafuteni mafundi waliobaki. Kayamba, kwa mfano, huonekana kitu chepesi machoni pa asiyejua: mabua membamba ya matete yaliyopangwa kwa safu mbili na kufungwa kwa kamba, ndani mkiwa na mbegu ngumu zinazotoa ile sauti ya mchakacho. Lakini muulize fundi ni matete ya wapi, yamekatwa lini, yamekauka kiasi gani na mbegu ni za mti gani, utagundua kuwa amebeba kichwani elimu ya miaka. Hali kadhalika hando, vazi la kiunoni la mwanamke wa Kigiriama: yale marinda mengi yanayosimama kiunoni hayaji kwa cherehani ya haraka, na bibi anayejua kuyakunja akiondoka bila mwanafunzi, hando lenu litabaki kuwa la kukodi. Wapeni mafundi hao vijana wa kufundisha kila Jumamosi, na hata kama ni vijana sita tu, siku ya sherehe watu watakuja kuwatazama watoto wao wakicheza walichofunzwa.

Mfano mwingine uko Lamu. Maulidi yanayosomwa Msikiti wa Riyadha katika mwezi wa Mfungo Sita huwavuta wageni kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki na ng'ambo, kukawa na mashindano ya punda, ya mashua na ya kuogelea, na ngoma za matari na kirumbizi. Asiyejua hudhani watu wanakuja kwa ajili ya punda. Riyadha ni chuo, na mwanzilishi wake, Habib Swaleh, alijulikana kwa kuwafungulia elimu watu wa tabaka la chini ambao hawakuwa wakiipata, na kwa kuziacha dufu na matari zisikike katika kumsifu Mtume wakati ambapo wengine walilipinga jambo hilo. Wanafunzi wanasoma pale mwaka mzima, wanatawanyika kwenda kufundisha, na katika Maulidi wanarudi. Ndiyo maana mkusanyiko huo umevuka miaka mia moja bila kutegemea mwanamuziki wa kualikwa.

Simkatazi msanii wenu. Akija, aimbe jioni baada ya wazee kumaliza, na malipo yake yasiwe makubwa kuliko jumla ya yale mliyowapa mafundi wa ngoma. Agosti ni mwezi mzuri kwa kuwa shule zimefungwa, ila msigongane na siku za Malindi. Ombeni kushiriki huko kwanza, mjifunze, kisha mpange yenu.

SWALI: Inaniuma kuona tunacheza ngoma za wazee hadharani, tunawavisha mashanga na kupiga nao picha, ilhali katika vijiji vyetu mzee akiota mvi anaitwa mchawi na usiku anakatwa panga. Utamaduni huo tunaousherehekea ni upi? – Mama wa watoto wanne, Ganze.

JIBU: Mama, barua yako nimeisoma zaidi ya barua nyingine zote, na sitaki kukujibu kwa maneno ya kuliwaza. Unachokisema ni kweli. Mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi yamekuwa aibu ya Kilifi na ya kaunti jirani kwa miaka mingi, na wanaoyafuatilia kwa karibu wanakiri kwamba mara nyingi nyuma ya neno uchawi pana shamba. Mzee ana ekari zake, wana wanataka kuuza au kugawana, kifo cha mtoto au ugonjwa ukitokea nyumbani panapatikana kisingizio. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, na wakati huo huo tunawamaliza wenye neno.

Hata hivyo, usidhani kwamba wanaoandaa sherehe hawalioni hilo. Chama hicho hicho nilichokitaja, MADCA, kinasimamia kituo cha kuwahifadhi wazee huko Kaya Godoma, katika Ganze yako, na wazee waliotishiwa au kunusurika kuuawa hukimbilia hapo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi ya utamaduni inayofanywa katika kaunti hiyo, kubwa kuliko tamasha lolote, na inastahili kuzungumzwa kila mara tamasha linapotajwa. Kaya kwa asili ilikuwa boma la kujikinga. Mijikenda walijenga vijiji vyao ndani ya misitu ili adui asiwafikie. Mzee wa leo anayekimbilia kaya anatafuta kile kile walichokitafuta mababu zake, isipokuwa adui safari hii ametoka ndani ya mji wake mwenyewe, na ninaandika hayo kwa uchungu.

Kikundi cha kijijini kinaweza kufanya nini? Kwanza, kitumie jukwaa la sherehe kutamka waziwazi, kwa vinywa vya wazee wa kaya wenyewe, kwamba kumwua mzee si mila na hakujawahi kuwa mila. Tamko hilo likitoka kwa ofisa wa serikali pekee, watu hupiga makofi wakaenda zao. Pili, vijana wafahamishwe kwamba Sheria ya Uchawi, Sura ya 67 ya Sheria za Kenya, inamhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtuhumu mwenzake uchawi mbele ya watu badala ya kupeleka malalamiko kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Wengi hudhani kosa huanza panga linapoinuliwa. Tatu, na hili ndilo linalochukua muda, kikundi kiwe na utaratibu wa kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Mzee anayejulikana kuwa Jumanne na Ijumaa huja watoto wa kikundi kumsikiliza na kuandika anayosimulia ni mzee mwenye mashahidi mlangoni, na mwovu huogopa mashahidi. Nne, pale ambapo familia ina mvutano wa ardhi, mazungumzo ya urithi yafanyike mapema, mbele ya chifu na wazee wa mtaa, na yaandikwe. Na mzee akisema anatishiwa, asiambiwe avumilie. Apelekwe polisi siku hiyo hiyo, na ikibidi aondolewe nyumbani hadi hali itulie.

SWALI: Nafundisha shule ya msingi katika Kaunti ya Kwale. Ningependa kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kuona kaya, lakini wazazi wengine, Waislamu kwa Wakristo, wanahofia kwamba watoto wataingizwa katika matambiko. Nifanye nini? – Mwalimu, Msambweni.

JIBU: Mwalimu, hofu ya wazazi ipewe heshima yake, kwani nayo inatokana na imani. Waandikie barua mapema ueleze kwamba ziara ni ya somo la historia na mazingira, kwamba hakuna sala wala tambiko litakalofanywa na watoto, na kwamba mzazi asiyeridhia mwanawe atabaki shuleni bila kunyooshewa kidole. Bora zaidi, mwalike mzazi mmoja wa kila upande aandamane nanyi.

Kwa mahali, mnayo Kaya Kinondo karibu na Diani, ambayo wenyeji wa Kidigo wameifungulia wageni chini ya uangalizi wao wenyewe, na waongozaji wake ni wa hapo hapo. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, haruhusiwi kuvunja tawi wala kuondoka na chochote, hata jiwe au jani lililoanguka, na ndani ya msitu watu hawakumbatiani kimapenzi wala hawapigi kelele. Watoto huyashika masharti hayo upesi kuliko watu wazima. Waambie pia kwamba vijiji vya ndani ya misitu vilianza kujengwa tangu karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahama, kwamba serikali ilianza kuyatangaza maeneo hayo kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na kwamba UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata mila zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Msitu unaoonekana leo umesalimika kwa sababu ya makatazo ya wazee, wakati misitu mingine mingi ya jirani imegeuzwa mashamba na mkaa. Hilo peke yake ni somo zima la mazingira, na hakuna mzazi atakayelikataa. Uwaulize wazee au waongozaji siku mbili tatu kabla kama kaya iko wazi, kwani zipo siku ambazo wenyewe huifunga kwa shughuli zao.

SWALI: Mwaka jana watu walikuja kwenye sherehe yetu na kamera kubwa, wakarekodi ngoma yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa tumeiona ikitumika katika tangazo la biashara, na hatukuulizwa wala kulipwa. Je, tuna haki yoyote, ikiwa ngoma yenyewe haina mtunzi? – Mwenyekiti wa kikundi cha ngoma, Rabai.

JIBU: Mnayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha pale utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2016 na inahusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inaitambua jamii nzima kuwa mwenye mali, kwa hiyo kutokuwa na mtunzi mmoja hakuwaondolei haki. Anayetaka kuitumia kibiashara anapaswa kupata kwanza ridhaa ya jamii, baada ya kuielezea vya kutosha anakusudia kufanya nini. Serikali ya kaunti ndiyo yenye wajibu wa kuweka daftari la urithi wa aina hiyo, na kumbukumbu za kitaifa za urithi huo ziko chini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Andikeni barua kwa mwenye tangazo, nakala kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti na kwa Bodi ya Hakimiliki, mkiambatanisha picha za siku ile, majina ya wachezaji na maelezo ya ngoma. Ombeni daftari la kaunti liingize ngoma yenu. Tena mwaka huu wekeni mezani getini fomu fupi ya Kiswahili ambayo kila mwenye kamera kubwa ataitia sahihi, ikisema anarekodi kwa ajili gani na nini kifanyike akitaka kuuza.

Sizungumzii jambo dogo. Wenzenu wa Kigiriama walipoteza vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha jadi cha wazee. Viling'olewa makaburini, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Makumbusho moja ya Denver ilikubali kurejesha vigango 30 mwaka 2014, na vilifika Kenya mwaka 2019. Ikiwa hata makumbusho iliyoridhia ilichukua miaka mitano kuvifikisha nyumbani, basi mkiacha kulalamika leo mtakuwa mmewaachia wajukuu kazi ngumu zaidi.

SWALI: Tufanye nini ili kikundi kiandikishwe, na fedha tutazipata wapi? Mwanasiasa mmoja ameahidi kugharamia kila kitu. – Mweka hazina, Kaloleni.

JIBU: Kuandikishwa si kugumu. Vikundi vya kijamii sasa vinafuata sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi, inayotaka wanachama wasiopungua kumi, na ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu ndiyo ya kuanzia. Nendeni na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano uliowachagua viongozi. Mkikua na kutaka kupokea misaada mikubwa mtalazimika kuangalia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Kuhusu fedha, kataeni mtu mmoja agharamie kila kitu, awe mwanasiasa, mfanyabiashara au mfadhili wa ng'ambo. Sauti za Busara ya Zanzibar, tamasha lililoanza mwaka 2004 na kujulikana duniani, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya upungufu wa fedha, na hilo ni tamasha lenye ofisi na watumishi. Huyo mheshimiwa wenu anaweza kualikwa kuchangia mahema au maji kama mchangiaji mwingine yeyote, jina lake lisomwe katika orodha pamoja na ya wengine, na asipewe nafasi ya kuhutubia katikati ya ngoma. Vingi vya lazima havihitaji fedha taslimu: nyumba hii italeta sufuria, ile itatoa mbuzi, shule itatoa uwanja na vyoo, vijana watachota maji. Kila mchango, hata debe la mahindi, uandikwe kwa jina na thamani yake. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, mmoja wao awe mwanamke asiye na undugu na wale wengine wawili, na hesabu zisomwe hadharani ndani ya mwezi mmoja baada ya sherehe, hapo hapo uwanjani, waliochanga wakiwa wameketi wanasikiliza na wana ruhusa ya kuuliza.